Weusi wa Kisu cha Baba Mkwe

Jumapili, 2 Mei 1954

Nimeanza kuandika leo. Daftari lilikuwa la hesabu, tangu darasa la nne kwa masista. Kurasa za nyuma bado nyeupe. Mume wangu Alois anasema mwandiko wangu unatembea kama kuku aliyechomwa na mwiba, hawezi kuusoma. Vizuri. Basi humu nitasema kweli tupu.

Ibada imekwisha saa nne. Katekista alisali sana, mwanangu Koleta akalala. Ana miezi kumi na meno manne. Baada ya ibada wanaume wa visu wakakaa barazani mwa kanisa kama kawaida yao. Sisi wanawake tukawangoja juani kama kawaida yetu.

Niandike habari ya visu, maana ndiyo habari ya nyumba yetu. Zamani za Mjerumani, kabla reli haijafika Tabora, vijana kumi na wawili wa huku Ipole walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo. Walipopewa ujira wao wakaingia duka moja, siku moja, wakanunua visu kumi na viwili vya kukunja. Namna moja vyote, mpini wa pembe ya ng'ombe. Wakarudi navyo kiunoni, miezi mitatu ya kutembea. Sasa visu vimebaki saba, vingi mikononi mwa watoto wao. Mpagazi aliye hai ni mmoja tu, Mzee Lugembe.

Kila Jumapili visu huwekwa juu ya ngozi ya mbuzi, vimefungwa. Kila mtu anafungua chake mwenyewe, anachonga kijiti, anampa mwenzake kwa upande wa mpini. Hakuna kufungua cha mwingine. Kikifunguliwa hakifungwi mpaka kimekata kitu. Wanavitazama, wanavinusa, wanavifunga karibu na sikio. Hawasemi sana. Ukiwaona utadhani wanaaga maiti.

Leo juu ya ngozi vilikuwa sita. Cha saba kiko kwetu, kimeninginia kwenye boriti ndani ya kitambaa cheusi. Ni cha baba mkwe, Mzee Luhende, aliyefariki mwezi wa pili. Desturi yao, kisu cha marehemu kinalala miezi mitatu bila kufunguliwa. Kisha mrithi anakipeleka na kitambaa chake, anakifungua mbele ya wote. Siku ya Alois ni Jumapili ijayo.

Tena kuna mizinga. Baba mkwe ameacha mizinga arobaini ya nyuki porini, mwendo wa siku mbili. Alisema mbele ya watu kwamba atakayebeba kisu chake ndiye atakayepanda kwenye mizinga yake. Watu wa asali wanaondoka kwenda kambini Jumatatu ya tarehe 17. Basi asali yetu, nta yetu, na Koleta wangu kusoma siku moja kupita hata darasa la nne, vyote vimo ndani ya kile kitambaa.

Jumatatu, 3 Mei

Kisimani nimekutana na Flavia. Ni mke wa Jilala, na Jilala ni mtoto wa baba mkubwa wa Alois. Jilala anacho kisu chake kati ya vile saba, alichoachiwa na baba yake. Lakini mizinga ya baba yake iliungua na moto wa pori mwaka juzi. Sasa anaitazama ya kwetu. Hasemi. Anatazama tu, kama paka kando ya dagaa.

Flavia anasugua sufuria zake mpaka unaona meno yako ndani. Aliniambia mbele ya watu, kwa upole wake ule, kwamba nyumbani kwa Luhende kila kitu kina masizi. Sufuria, ukuta, hata kisu. Eti aliwahi kumwona mzee akikata muwa, akadhani anakata kwa kipande cha mkaa. Na Jumapili mume wangu atakifungua kitu kile hadharani. Pole, mdogo wangu, akasema.

Wanawake walicheka kidogo. Nikacheka na mimi. Nikajitwisha debe langu, maji yakanimwagikia shingoni njia nzima.

Karibu na nyumba nikapata wazo. Zuri sana. Nitaliandika likishakamilika, nisije nikalipotezea bahati.

Jumatano, 5 Mei

Nimepata ndimu sita kwa mke wa katekista. Aliuliza za nini. Nikasema kikohozi. Akaniombea.

Alois amerudi shambani na karanga, hakusema neno. Tangu msiba ndivyo alivyo. Akiingia ndani anainua mkono, anakigusa kile kitambaa kwenye boriti, kisha ndiyo anakaa. Akitoka hivyo hivyo. Hana kingine cha baba yake. Nguo ziligawiwa, kiti alikichukua shangazi.

Mzee alikuwa na mchezo na Koleta. Mtoto akilia, babu yake anakifungua kisu, anamega kipande cha kiazi, anakifunga karibu na sikio la mtoto. Tak-ta. Koleta kimya, mkono juu, anataka tena. Kile kisu hakikufunga vizuri kama vya wenzake, kilisema mara mbili. Nilimwonea huruma mzee, kuzeeka na kitu kilicholegea.

Jumapili Alois atatabasamu. Nimejiapia.

Alhamisi, 6 Mei

Nimefanya!

Alois alipokwenda shambani nilipanda kinu, nikashusha kitambaa. Nilisali kwanza. Desturi inasema mwanamume asifungue kisu cha mwenzake. Wanawake haikuwataja, nimefikiri jambo hilo vizuri.

Nikakifungua. Masikini! Bapa lote jeusi, lina mabaka ya bluu na ya kahawia, karibu na shingo doa kama punje ya haragwe. Flavia alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Kwa kuwa kikifunguliwa lazima kikate, nilikata kitunguu cha mboga. Mimi ni mtu wa kufuata taratibu. Kisha majivu, mchanga wa mtoni, ndimu. Nikasugua tangu jua la asubuhi mpaka kivuli cha nyumba kimefika kwenye kinu. Weusi ulikuwa unakataa. Nikaongeza mchanga. Lile doa la haragwe ndilo lililonichosha, lakini nalo lilikwenda. Mpini nilikuta umejaa uchafu wa vidole, nikaukwangua kwa kigae, nikaupaka nta.

Mwisho nikatibu ule ulegevu. Niliyeyusha nta pamoja na samli kidogo, nikaimimina penye maungio na kwenye chuma cha mgongoni, mpaka ikajaa. Sasa kinafunga kimya, kama mlango wa kanisa la masista. Nimejiona usoni ndani ya bapa. Pua yangu ni kubwa kuliko nilivyofikiri.

Nimekirudisha kitambaani. Koleta alikuwa mkekani, akanitazama muda wote, hakucheka.

Ijumaa, 7 Mei

Nimesokota kamba ya kukifungia kiunoni. Nyuzi tatu za pamba, moja ya bluu kutoka kwenye shuka langu la harusi. Alois ameiona, akaishika kwa muda mrefu. Aliniambia nina mikono ya subira. Nusura nimwambie yote. Nikajizuia. Furaha isimwagike kabla ya siku yake.

Jumapili, 9 Mei

Sijui niandike vipi.

Alois alivaa shati jeupe. Alikwenda barazani na kitambaa chake mikononi, akapiga goti, akakifungua kitambaa juu ya ngozi. Nikasogea karibu na nguzo ili nione uso wake.

Alipofungua bapa, jua lililala juu yake likaruka mpaka ukutani. Flavia nyuma yangu alivuta pumzi. Nikajua nimeshinda. Kisha nikaona wanaume. Hakuna aliyetikisika. Alois alikuwa anakitazama kisu kama mtu aliyefungua mlango wa kwake akakuta wageni wamekaa.

Mzee Lugembe alikichukua. Alikigeuza, akatafuta kitu karibu na shingo kwa ukucha wa kidole gumba, asikione. Akanusa. Akasema kinanuka kitunguu na ndimu. Akachonga kijiti, akakifunga karibu na sikio. Kimya. Alois akakifungua, mzee akachonga, akakifunga tena. Kimya. Akakiweka chini, kando ya ngozi. Juu ya ngozi hakukirudisha.

"Hiki sikijui," akasema.

Jilala akaingiza maneno yake, taratibu, kama mtu anayesaidia. Kwamba sokoni Tabora siku hizi wanauza visu vya sura hiyo hiyo, vipya. Kwamba Alois alikwenda Tabora mwezi wa tatu na lori la tumbaku. Kwamba wageni hununua vitu vya zamani kwa bei nzuri, na yeye hasemi kitu, anakumbuka tu safari.

Masikio ya Alois yalikuwa yamesimama. Alisema kisu hakijatoka kwenye boriti. Alisema mara moja tu.

Mzee Lugembe akatoa neno la mwisho. Alois alete kisu cha baba yake Jumapili ijayo. Asipokileta, mizinga haitaachwa ioze, Jilala atapanda.

Nami nilikuwa na mdomo. Nilikuwa nao muda wote pale kwenye nguzo, umefungwa kimya kama kile kisu.

Jumatatu, 10 Mei

Alois ameondoka alfajiri kwenda Sikonge kwa miguu. Amefikiri amekwishapata jibu. Siku za msiba nyumba ilijaa watu, mtu alikibadilisha. Atauliza madukani, atauliza waliolala kwetu. Alinishika bega akaniambia nisijilaumu, watu walikuwa wengi, nisingeweza kuwatazama wote.

Nisijilaumu.

Nilifungua mdomo. Nikasema achukue matobolwa, vile viazi vikavu, ya njiani. Akachukua.

Sasa niwe na akili. Nikimwambia leo, atakuwa na huzuni na kisu kitakuwa cheupe. Nikikirudishia weusi wake kwanza, nitamwambia baadaye, tena tutacheka. Njia ya pili ndiyo bora. Uchafu ulioondoka kwa mkono utarudi kwa mkono.

Jumanne, 11 Mei

Masizi ya sufuria na mafuta ya nyonyo. Kisu kilikuwa cheusi vizuri kabisa, mpaka nilipokigusa. Weusi ukahamia mikononi, kutoka mikononi ukahamia kwa Koleta, kutoka kwa Koleta ukahamia kwenye shati jeupe la Alois lililokuwa kambani.

Nimefua shati mara tatu. Shati limeshika weusi, kisu kimekataa. Mungu anajua anachonionyesha, mimi bado sijaona.

Jumatano, 12 Mei

Asubuhi wazo jipya. Wanaume husema ule weusi ni wa tumbaku, nyama, maganda ya miti na asali. Basi nitavipika vyote pamoja, kisu ndani. Kilichochukua miaka hamsini kitapatikana kwa chungu kimoja kabla ya mchana, maana wao hawakuwa na moto mkali.

Nilitia magome ya mninga, majani ya tumbaku, mfupa wa mbuzi, asali kijiko kimoja. Kikachemka. Harufu yake iliwatoa kuku uani. Koleta alianza kulia, macho yanamwasha, hakunyamaza hata kwa ziwa.

Hapo ndipo Flavia alipopiga hodi. Anatafuta moto wa kuazima, na kwake moto haujazimika tangu wameoana. Alichungulia chunguni, akaona mpini unapanda na kushuka kwenye povu.

Akaniuliza kwa upole kama kisu kitaiva saa ngapi.

Nikausukuma mpini chini kwa mwiko. Alikwenda haraka, akasahau hata kuchukua moto.

Nilikitoa kwa mwiko. Bapa limekuwa zambarau upande mmoja, upande wa pili ni kama ngozi ya mgonjwa. Juu ya mchuzi inaelea nta na samli yangu yote. Nikakaa chini. Koleta analia, mimi nalia, kisu kimefunguka mapajani. Nikakumbuka utaratibu, nikakata uzi wa mkeka, nikakifunga.

Tak-ta.

Koleta akanyamaza. Katikati ya kilio, kama mtu aliyeitwa. Akatazama mlangoni. Siyo mimi, siyo kisu, mlangoni. Akainua mkono.

Nikakifungua, nikakata uzi mwingine, nikakifunga. Tak-ta. Akaendelea kutazama mlango.

Nimekaa pale mpaka moto umezimika wenyewe. Babu yake hakuwa na kisu kilicholegea. Ile ndiyo ilikuwa sauti yake, nami niliiziba kwa nta kama anavyozibwa mdomo mtu wa kuzikwa.

Alhamisi, 13 Mei

Ipole nzima inajua kwamba mama Koleta anapika kisu. Jilala anasema kwenye mashamba ya watu kwamba tunakitia rangi kisu cha dukani ili tumdanganye mzee. Mtoto wa jirani aliniuliza kama mchuzi wake una chumvi.

Alois amerudi alasiri. Ameyasikia njiani. Miguu ina vumbi mpaka magotini. Hakugusa boriti. Alikaa, akasema amechoka kuuliza, kila duka wanamwonyesha visu vipya. Akasema angekutana na kisu cha baba gizani, kwenye gunia, angekijua kwa kukifunga tu. Na hiki cha barazani kilikuwa bubu.

Nilimnawisha miguu. Nilipofika mguu wa pili nikamwambia. Yote, kutoka kisimani na Flavia mpaka mfupa wa mbuzi. Sikuinua macho. Nilisema nilitaka atabasamu.

Maji yakapoa miguuni pake. Kisha akanyoosha mkono, nikampa kisu, kwa upande wa mpini. Akakitazama upande wa zambarau, akatazama na upande wa mgonjwa.

"Mama Koleta," akasema, "umemwosha baba uso mpaka simjui."

Nikamwomba akifunge. Alikata kipande cha ukucha wake, akakifunga.

Tak-ta.

Aligeukia ukutani. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Sikujua kama nimshike au nisimshike. Nilimweka Koleta mgongoni kwake, mtoto akalala pale, na yeye hakusogea ili asimwamshe.

Ijumaa, 14 Mei

Hasemi nami, lakini amekula. Ugali wote na mlenda. Nimehesabu hilo kuwa neno moja.

Jumamosi, 15 Mei

Amefunga kisu kiunoni kwa kamba yangu ya bluu. Nimehesabu hilo kuwa maneno matatu.

Jioni alisema kesho atakipeleka hivyo hivyo kilivyo, atamwambia Mzee Lugembe kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekisugua. Nilikataa. Akasema wanaume wa barazani hawasikilizi mwanamke. Nikasema basi watamsikiliza Koleta, maana huyo akilia hata katekista hukatisha mahubiri.

Nusura atabasamu. Niliona kabisa, upande wa kushoto.

Jumapili, 16 Mei, saa sita mchana

Naandika upesi.

Walipokaa, nilitoka juani nikapanda barazani na mtoto. Hakuna mwanamke aliyewahi kupanda pale visu vikiwa chini. Mtu mmoja akakohoa. Nilipiga magoti nikasema shikamoo baba. Mzee Lugembe akasema marahaba, akangoja. Nikamwambia kisu hakikuuzwa wala hakikubadilishwa. Nilikisugua mimi kwa ndimu na majivu, nikakijaza nta, nikakipika na mfupa. Alois hakujua.

Jilala akasema hadithi imepangwa vizuri. Mwanamke atasema lolote kwa ajili ya mizinga arobaini. Kisu kisicho na alama kitathibitishwa na nini, kamba ya bluu? Wengine walicheka. Koleta akaanza kulia, ana usingizi na jino la tano.

Mzee Lugembe hakucheka. Alimwambia Jilala afungue cha kwake, akate, akifunge. Tak. Akawaambia wote mmoja mmoja. Tak. Tak. Tak. Kisha akafumba macho, akamwambia Alois.

Alois alichonga kijiti. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko yangu. Akakifunga.

Tak-ta.

Koleta alinyamaza. Akainua mkono wake juu, kuelekea mlango wa kanisa.

Mzee Lugembe hakufumbua macho. Alisema, "Tena." Alois akafanya tena. Machozi yalitoka chini ya kope za mzee, akayaacha yashuke.

Akatusimulia, macho yamefumba vile vile. Walikuwa kwenye pori la Mgunda Mkali, siku tisa bila kijiji, wakirudi kutoka pwani. Yeye aliingiwa na mwiba kisiginoni, msafara haumngoji mtu. Luhende alitua mzigo wake, akakaa naye, akauchokonoa mwiba kwa kisu kipya cha mwezi mmoja. Kisu kilimponyoka kikaanguka juu ya jiwe, chuma cha mgongoni kikapata ufa. Tangu siku hiyo kinasema mara mbili. Kumi waliowatangulia hawakuona, waliambiwa tu. Lile doa la haragwe karibu na shingo lilikuwa damu ya kisigino chake. Luhende hakutaka kulifuta.

Hapo nilitamani baraza ifunguke inimeze.

Alikichukua kisu, akakiweka juu ya ngozi, katikati. Akasema kisu ni cha Luhende, na mizinga ni ya anayekibeba. Alois ataondoka kesho na wenzake. Uso wa kisu umekwenda na hautarudi, basi Alois ataanza kukitia weusi wake mwenyewe, naye Koleta atausoma akikua. Jilala aliinamisha kichwa. Kisha, lazima niandike hata kama sitaki, akampa Alois mkono, akasema atamsaidia kubeba ngazi. Flavia huko juani aliutazama mkoba wake kwa muda mrefu.

Mzee akanigeukia. Nilijua nastahili chochote atakachosema.

"Mwanangu, weusi ule ulikuwa wa miaka hamsini," akasema. "Usisahau."

Nikasema sitasahau, baba, mpaka nife.

Jumapili, 16 Mei, alasiri

Alois ameninong'oneza kitu wakati nafungasha unga wake. Hicho siandiki hata humu.

Jambo la ajabu limetokea. Mzee Lugembe amepita hapa kwa mkongojo wake. Ameipenda kamba yangu ya bluu. Ya kwake imeoza, inashikiliwa na mafundo. Akaniomba nimsokotee mpya, ataifuata kesho asubuhi akija kuwaaga wanaoondoka. Akaniachia kisu chake, mkononi mwangu! Hajawahi kukiacha kwa mtu tangu Bagamoyo, amesema mwenyewe. Alisema kwa kuwa nilipanda barazani na kusema kweli, ananiamini. Akarudia mara mbili kwamba ni kamba tu. Nikamwambia kamba tu.

Kamba imekwisha. Nyuzi nne, nzuri kuliko ya kwanza. Jua bado liko juu na Koleta amelala.

Nimekifungua kidogo, kupima urefu. Halafu ilibidi nikate kitu, nikakata kitunguu. Bapa lake ni jeusi sana, na sitaligusa. Miaka hamsini, nimeapa. Lakini hapa karibu na ncha kuna kiuchafu kidogo, cha njano. Hicho siyo cha miaka hamsini. Nimekitazama vizuri kwenye mwanga, ni cha juzi tu, pengine kiazi. Masikini mzee, macho yake hayaoni vizuri, na kesho watu wote watakuwepo.

Nitagusa hapo tu. Ndimu zimebaki mbili.